Dipoziti ya nyumba Malindi: nani alipe rangi iliyoliwa na chumvi?

Rangi, shilingi 12,000. Usafi, 3,000. Kitasa cha mlango wa mbele, 1,500. Taa mbili, 600. Jumla, 17,100. Hesabu hiyo iliandikwa kwenye karatasi ya daftari, haina muhuri wala sahihi, akakabidhiwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama fleti ya vyumba viwili vya kulala upande wa Maweni. Kodi yake ilikuwa 18,000 kwa mwezi, na dipoziti ni hiyo hiyo. Baada ya kukaa miaka mitatu bila kuchelewesha kodi, alitumiwa shilingi 900 kwa M-Pesa. Alipouliza, keateka, yaani mtunza jengo, alimjibu kwa adabu zote: "Mwalimu, mimi nimetumwa tu. Hayo ni ya ofisi."

Ofisi yenyewe ni ya ajenti. Mwenye nyumba haishi Malindi, na mwalimu hajawahi kumtia machoni.

Wapangaji wakiisikia hadithi hii husema ni wizi wa mchana. Wenye nyumba husema huyo amebahatika, kwani wao hukimbiwa na watu wakiachiwa madeni. Nimezungumza na pande zote mbili, na naona kila mmoja ana haki yake, ila si kwa kila mstari wa karatasi ile. Mistari mingine ni halali kabisa. Mwingine, ule wa kwanza, ndio unaozua ugomvi Malindi kila mwisho wa mwezi.

Tuanze na huo wa rangi. Nyumba nyingi za mji huu hujengwa kwa mawe ya matumbawe yanayochongwa machimboni, na pengine simenti yake ilikorogwa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Unyevu ukipanda ukutani hupanda na chumvi hiyo, hutoka nje kama unga mweupe, na rangi huanza kufura na kubanduka kutoka chini, karibu na sakafu, kwanza kwenye kona halafu ukuta mzima. Mvua za masika zikija na upepo wa kusi, bafuni na nyuma ya kabati huota ukungu mweusi. Nondo za madirisha hushika kutu, na kutu hiyo huchirizika ukutani ikaacha michirizi ya rangi ya chai. Fundi yeyote wa rangi hapa anajua: unakwangua, unapaka, na masika mawili hayapiti kabla hujaitwa tena. Kitasa nacho hivyo hivyo. Ukikitia mafuta kila mwezi kitaishi kidogo, lakini mwisho wake ni ule ule, funguo inazunguka bure.

Kwa hiyo ukuta uliobanduka Maweni, Shela au Casuarina hautoshi kuwa ushahidi kwamba mpangaji ni mchafu. Lakini mwenye nyumba naye si mjinga, na hapa ndipo nisipotaka kuwapendelea wapangaji. Kuna kuta zilizoharibiwa na watu. Matundu ya misumari kumi juu ya kitanda, michoro ya kalamu za watoto sebuleni, masizi ya jiko la makaa lililowashwa ndani, mafuta ya kukaangia yaliyorukia ukuta mwaka mzima bila kufutwa. Haya hayafanani na kazi ya bahari. Chumvi huibandua rangi kutoka ndani, uchafu wa binadamu hukaa juu yake. Mtu yeyote mwenye macho anaweza kuvitofautisha akiwa mle ndani na taa imewashwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayeingia mle ndani pamoja na mpangaji. Keateka huingia peke yake mpangaji akishaondoka, na karatasi huandikwa ofisini.

Wenye nyumba watajibu kwamba mkataba umesema. Ni kweli, mikataba mingi ya hapa ina kifungu kinachomtaka mpangaji aiache nyumba katika hali aliyoikuta, na mingine hutaja rangi waziwazi. Mtu mzima aliyetia sahihi hawezi kujifanya hakuona. Lakini hali aliyoikuta ni ipi? Kama siku ya kuingia hakuna picha iliyopigwa wala orodha iliyotiwa sahihi, kifungu hicho kinampa nguvu yule tu anayeshika pesa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hii dipoziti ni mali ya mpangaji iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

Isitoshe, rangi ina umri. Tuseme kupaka fleti ile kunagharimu 12,000 na rangi hudumu miaka mitatu, nami nimekuwa mkarimu kwa hali ya hewa ya hapa. Hiyo ni kama shilingi 333 kwa mwezi. Aliyekaa mwaka mmoja akaharibu ukuta kwa mikono yake adaiwe miezi 24 iliyobaki, yaani 8,000. Aliyekaa miezi sita akauacha kama karakana adaiwe 10,000, na sitamlilia. Lakini aliyekaa miaka mitatu mizima anakabidhi rangi ambayo ilikuwa ishafika mwisho wake, hata kama angekuwa akiishi mle ndani bila kugusa ukuta. Kumtoza 12,000 ni kumnunulia mpangaji anayefuata rangi mpya kwa pesa za huyu. Na katika kisa cha mwalimu hata hilo halikufanyika. Mpangaji mpya aliingia wiki hiyo hiyo, kuta zikiwa zile zile.

Sasa tuhamie upande wa pili, ambao mara nyingi hausikiki kwa sababu mwenye nyumba hudhaniwa kuwa tajiri. Wengine ni matajiri kweli. Lakini wengi niwajuao ni wastaafu waliojenga fleti nne kwa mkopo wa sacco na kiinua mgongo, na bado wanalipa. Serikali inawatoza kodi ya mapato ya pango, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kodi hiyo hukatwa kwenye mapato ghafi. Hakuna kusema nimepaka rangi, nimebadilisha mabati, nimeita gari la kunyonya maji taka. Gharama zote hizo humtoka mfukoni baada ya kodi kulipwa.

Halafu kuna msimu. Mji huu huishi kwa wageni, na kuanzia Aprili hoteli hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa hadi watalii warudi. Mhudumu aliyelipa vizuri Disemba huanza kukwama Mei. Wengine huja kusema ukweli wakapewa muda. Wengine huhama usiku: tuktuk mbili na mkokoteni, asubuhi mlango uko wazi na simu haipatikani. Umeme wa tokeni umepunguza hasara upande mmoja, lakini maji bado huumiza pale akaunti ilipo kwa jina la mwenye nyumba. Mpangaji akiondoka na bili ya miezi minne, kampuni ya maji haimtafuti yeye. Inakata mita, na mwenye nyumba hulipa deni la mtu pamoja na ada ya kurudishiwa. Kwa madeni ya aina hii mimi niko na wenye nyumba moja kwa moja. Bili isiyolipwa ikatwe yote, na aliyehama bila notisi ya mwezi asitarajie salamu. Hata ule mstari wa usafi, kama jiko liliachwa likinuka na choo hakijasuguliwa, ni haki, ingawa 3,000 kwa kazi ya asubuhi moja ni bei ya kumtisha mtu.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na hili linawahusu wote wawili. Mpangaji hajui mzigo wa mwenye mkopo. Mwenye nyumba aliye Nairobi, Dubai au Italia hajui bafuni kunavuja tangu mwaka juzi na fundi hajaletwa. Sheria ya Ardhi ya 2012, pale mtu anapopanga sehemu tu ya jengo, inamwachia mwenye jengo paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Ukuta uliolowa kwa sababu ya paa bovu hauwezi kugeuka kuwa deni la aliyekuwa akilala chini ya tone.

Baina yao yuko ajenti, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kidonda. Nadhani mara nyingi ugomvi wa rangi si ugomvi wa rangi. Dipoziti ikipokelewa Malindi haiwekwi popote, inatumika. Kwa mwenye nyumba mdogo huingia kwenye mkopo wa mwezi huo. Kwa ajenti huchanganywa na kodi, inatolewa asilimia yake, inatumwa, inakwisha. Siku mpangaji anapohama pesa ya kumrudishia haipo, na njia rahisi ya kuipata ni kusubiri mpangaji mpya alete yake. Asipopatikana upesi, makato hutafutwa. Ndiyo maana karatasi zile hufika karibu kabisa na kiasi cha dipoziti, zinabaki mia kadhaa za kuonyesha kwamba hesabu ilipigwa.

Ajenti akibadilishwa mambo huwa mabaya zaidi. Mpya husema sikupokea chochote chako, wa zamani husema nilikabidhi kila kitu, na mwenye nyumba hapokei simu za kimataifa. Kwa haki, ajenti naye ana maelezo yake. Hulipwa kwa kukusanya kodi, halipwi kwa kupatanisha watu, na mwenye nyumba humlaumu kwa kila shilingi inayorudi kwa mpangaji. Wako ajenti waaminifu mjini hapa. Lakini sheria ya Kenya inataka wakala wa nyumba asajiliwe na bodi ya mawakala, na wengi wanaoshika funguo zetu wana simu, kitabu cha risiti na ujasiri tu.

Wapangaji wamegundua mbinu yao, na kila mtu anaijua: mwezi wa mwisho mpangaji halipi kodi, anasema ikatwe kwenye dipoziti. Naielewa. Ukijua pesa yako hairudi, unaila mwenyewe. Lakini inamwadhibu mwenye nyumba mwema pamoja na mbaya, na inamwachia bili za maji bila kinga yoyote. Inawapa pia ajenti wakali sababu ya kudai dipoziti ya miezi miwili kwa yule atakayekuja, ambaye pengine ni mhudumu wa hoteli anayeanza kazi. Wengine hujibu mbinu hiyo kwa kufuli: keateka hafungui geti mpaka kodi ilipwe. Hilo halikubaliki. Mwenye nyumba anayedai kodi ana haki ya kukamata vitu, lakini kupitia dalali mwenye leseni, si kwa mlinzi kusimama mbele ya mkokoteni.

Je, sheria inamsaidia anayedai dipoziti? Kidogo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, yenye mahakama yake maalumu, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo karibu kila fleti ya Malindi iko nje yake. Mswada wa 2021 uliotaka kuunganisha sheria za wapangaji na wenye nyumba haukuwa sheria. Kuna utaratibu wa mahakama za madai madogo, uliowekwa kwa sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Lakini anayehama mara nyingi anahama mji. Mwalimu wetu alikuwa amehamishiwa Hola. Nani atapanda basi kutoka Hola kuja kudai 17,100, alale gesti, arudi tena siku ya kusikizwa? Ajenti anaijua hesabu hiyo vizuri.

Uingereza walilikata tatizo hili kwenye mzizi wake. Tangu Aprili 2007 mwenye nyumba wa England na Wales hawezi kukaa tu na dipoziti ya upangaji wa kawaida, ni lazima ailinde kwenye mpango ulioidhinishwa, na wakigombana kuna msuluhishi. Pale hoja ya makato inapimwa na mtu asiyehitaji zile pesa. Sisi hatuna chombo hicho, na sioni kikija karibuni.

Lakini mwenye nyumba aliye mbali hahitaji bunge ili amwambie ajenti wake afungue akaunti ya pili, ya dipoziti tu, na amtumie taarifa ya benki kila baada ya miezi mitatu. Anayemsimamia mtu nyumba za milioni kadhaa hawezi kusema hilo ni gumu. Na mpangaji anayeingia mwezi huu ana mambo mawili ya kudai kabla ya kutuma pesa. La kwanza ni kupita vyumbani pamoja na keateka, simu mkononi, kila ukuta upigwe picha kuanzia chini, na picha zitumwe kwa ajenti siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. La pili ni mstari mmoja mkatabani unaosema ni nani anashika dipoziti, kwa jina, na atairudisha ndani ya siku ngapi. Ukikosekana kwenye mkataba uliochapishwa, uandikwe pembeni kwa kalamu na pande zote mbili zitie sahihi hapo hapo.