Kinukta cha kijani kinapima vidole

Kuna meseji ya kazini inayonikera kuliko zote: "Nimeona uko njano, nikajua umetoka." Anayeituma huwa hana ubaya. Alikuwa na swali, akaangalia kinukta kilichobandikwa kwenye picha yangu katika programu ya meseji za kazini, kijani ukiwepo, njano ukiwa umetoka, akakata shauri kwamba sipo, akaendelea na mambo yake. Swali lenyewe hakulituma. Na muda wote huo nilikuwa mezani, mkataba niliouchapa kwenye karatasi uko mbele yangu, kalamu mkononi, nimezama kwenye kipengele cha malipo. Ndiyo kazi iliyohitaji akili kuliko zote siku ile, na kompyuta ikaihesabu kuwa utoro.

Hebu tuangalie kinachopimwa. Kwa kawaida Teams, programu ya Microsoft ya mawasiliano ya kazini, hukugeuza njano ukikaa dakika 5 bila kugusa kibodi wala kipanya, au ukifunga skrini. Slack, programu nyingine ya namna hiyo, ikiwa kwenye kompyuta husubiri dakika 10. Kwa hiyo anayetumia zote mbili, akiwa kwenye kiti kilekile anafikiri, ikifika dakika ya 7 huku ameshaondoka na kule bado yupo. Kwenye simu ndiyo kichekesho zaidi: ukitoka Teams ukafungua barua pepe ya kazi hiyohiyo, unahesabiwa umeondoka. Hata nyekundu, ya kusema una shughuli, mara nyingi haitoki kwako, inatoka kwenye kalenda. Kikao kikiahirishwa na aliyekiitisha akasahau kukifuta, utabaki mwekundu hadi muda wake uishe, huku umekaa tu unasubiri mtu akutafute.

Wala si mambo ya jana. Mwaka 1971 Les Earnest, wa maabara ya akili bandia ya Stanford, aliandika programu iitwayo finger, ya kuonyesha nani yuko kwenye mfumo na amekaa muda gani bila kuandika kitu. Wenzake wakaomba nyongeza: faili ambamo kila mtu angeeleza kwa maneno yake kwa nini hayupo na atapatikana vipi. Yaani watu wa kwanza kabisa kutumia kitu hiki waliona mapema kwamba kuhesabu ukimya wa kibodi hakutoshi. Nafasi hiyo ya maneno ipo mpaka leo kwenye programu zetu. Wengi tunaiacha tupu, tunaangaliana rangi.

Ingekuwa kinukta kinatumika kuamua tu kama nikupigie sasa au baadaye, nisingejisumbua kuandika. Balaa linaanza bosi anapokifanya daftari la mahudhurio. Utafiti wa Microsoft wa mwaka 2022, uliohoji watu 20,000 katika nchi 11, ulikuta asilimia 87 ya wafanyakazi wakisema wanafanya kazi kwa tija, ilhali viongozi waliokuwa na imani kamili na tija ya watu wao walikuwa asilimia 12 tu. (Na hao ndio wenye Teams yao.) Mpe meneja mwenye wasiwasi wa namna hiyo orodha ya majina yenye taa pembeni, uone kama hatashinda anaikodolea macho.

Nao wafanyakazi si wajinga. Ukiwapima kwa vidole, watakupa vidole. Kuna vifaa vinavyouzwa kwa kazi moja tu, kutikisa kipanya. Asiyetaka kununua anaweka kipanya cha mwanga juu ya saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Mshale unazunguka, kipanya kinadhani kinasogezwa, taa haizimiki. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwaachisha kazi watu zaidi ya 12 kwa tuhuma za kuigiza shughuli za kibodi ili waonekane wako kazini. Siwatetei wanaozuga. Ila mahali ambapo saa ya mkononi inaweza kumshikia mtu zamu bila yeyote kushtuka, tatizo halikuanzia kwa mwenye saa. Ina maana hakuna aliyekuwa anasubiri kazi ile ifike.

Wanaoniuma zaidi ni wale wasiozuga. Mtu anaandika ripoti, kila meseji ikiingia anaikimbilia ili aonekane yuko macho, kisha anarudi kutafuta sentensi aliyoiacha njiani. Anakwenda msalani na simu mkononi. Jioni taa yake imewaka kijani siku nzima na ripoti iko ukurasa uleule.

Sisemi kinukta hakina kazi popote. Kwenye dawati la huduma kwa wateja, ambako simu lazima ipokelewe na aliye zamu, ni lazima ijulikane nani yuko tayari. Huko mtu anajiweka mwenyewe "tayari" au "mapumziko", na zamu yake iko kwenye ratiba. Hiyo ni ahadi aliyoitoa. Wala si kubahatisha kwa kuangalia kipanya kimetulia muda gani.

Mimi siku hizi sikiangalii kabisa kabla ya kuandika. Natuma swali zima kwa mkupuo, na kiambatisho chake, na siku ninayohitaji jibu. Habari za "mambo, upo?" halafu kimya, nimeziacha, zinamfanya mwenzako akatishe alichokuwa anafanya ili kuthibitisha tu kwamba anapumua. Kama ni rangi gani anapoipokea, hainihusu. Ataisoma akishanyanyua kichwa. Jambo likiwa linawaka moto, nampigia simu, na mpaka leo sijaona aliyeacha kupokea kwa sababu alikuwa njano.

Kwa mameneja ninaofanya nao kazi nina ombi moja: tukubaliane Jumatatu nini kitafika Ijumaa, na saa ngapi za siku nitajibu bila kukawia. Ijumaa kisipofika, niiteni mniulize kuhusu hicho.