Ukuta wa Pwani Unaishia kwa Nani?

Katika mitaa ya pwani ya Unguja na Pemba, bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linapokutana na upepo mkali, mazungumzo ya barazani hurudi pale pale: lini utajengwa ukuta. Ombi hilo halifai kudharauliwa. Tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika visiwa vyetu hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, na mtu ambaye msingi wa nyumba yake uko hatua chache kutoka ufukoni huishi akihesabu mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa hofu. Wapo pia wanaolipinga ombi hilo, wakisema kwamba kinga ya kweli ya pwani ni mikoko na kwamba zege huleta madhara makubwa kuliko yale linayoyazuia. Nawaheshimu wote wawili. Hata hivyo, naona mjadala wenyewe umeruka swali ambalo lingepaswa kutangulia: ukuta huo unaishia wapi, na hapo unapoishia anaishi nani?

Nianze na hoja ya wanaotaka ukuta, kwa sababu ndiyo yenye haraka zaidi. Barabara ya Mizingani, mbele ya Jumba la Ajabu, inapita ukingoni kabisa mwa bahari; nyuma yake kuna Mji Mkongwe, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mbele kidogo kuna bandari ya Malindi. Ukuta wake wa zamani ulipochakaa, ulijengwa upya kwa mradi wa huduma za mji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Anayedai kwamba pale ingetosha kupanda miche ya mikoko hajasimama hapo maji yanapojaa. Hakuna tope la kushika mizizi, hakuna nafasi ya kurudi nyuma, na majengo yanayolindwa hayawezi kuhamishwa. Zaidi ya hayo, ukingo ule umeingia katika maisha ya mji: jioni watu hukaa kupunga upepo, na pale Forodhani vijana huruka makachu, yaani hujirusha baharini kwa mbwembwe, huku wazee na wageni wakiwatazama. Ukuta uliowekwa mahali panapostahili unaweza kuwa baraza ya mji mzima.

Tatizo linaanza pale mfano wa Mizingani unapochukuliwa kuwa dawa ya kila ufuko. Wimbi linalopanda ufuko wenye mteremko hupoteza nguvu kidogo kidogo juu ya mchanga, na sehemu ya maji yake hudidimia kabla ya kurudi. Wimbi hilo hilo likigonga ukuta uliosimama wima hurudi likiwa bado na nguvu nyingi, na katika kurudi huko huchota mchanga ulio mguuni mwa ukuta. Miaka ikipita, ufuko uliokuwa mbele hushuka, maji huwa marefu zaidi, mawimbi yanayofika huwa makubwa zaidi, na msingi wa ukuta hubaki ukining'inia. Pembeni hali huwa mbaya zaidi. Mchanga wa ufukoni husafiri; husukumwa upande mmoja wakati wa kusi na kurudishwa wakati wa kaskazi, hivyo kila kipande cha pwani hupata riziki ya mchanga kutoka kwa kipande jirani. Ukuta huufungia mchanga ulio nyuma yake usiingie katika safari hiyo, na wimbi linalozunguka ncha yake huishambulia ardhi isiyo na kinga. Ndiyo maana kiwanja cha kwanza baada ya ukuta mara nyingi huliwa na bahari upesi kuliko kilivyokuwa kikiliwa kabla.

Mwenye kiwanja hicho, akiwa na uwezo, naye hujenga wake, na madhara huhamia kwa anayefuata. Katika baadhi ya fukwe za kaskazini na mashariki ya Unguja, ambako hoteli na nyumba za kupangisha zimesogea hadi mchangani, kila mwenye jengo amejihami kwa kipimo chake, na maji yakijaa mtu hana tena pa kupita kwa miguu. Mvuvi hulazimika kuzunguka nyuma ya majengo ili alifikie diko lake, yaani mahali pa kuegesha chombo na kushusha samaki. Wanawake, ambao ndio wengi katika kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara mwaka 1989, hubeba magunia yaliyolowa maji kwa njia ndefu zaidi. Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inaitambua ardhi yote kuwa mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, kwa hiyo anayepewa haki ya kutumia kiwanja hapewi ruhusa ya kumfungia mwenzake pwani. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu njia ya kwenda pwani ikipotea, ni vigumu sana kuirudisha.

Wanaotetea mikoko wana hoja nzito. Mizizi yake hupunguza kasi ya maji, hushika tope, na huwapa samaki wadogo na kaa mahali pa kukulia. Kazi hiyo huendelea bila mafundi, mradi msitu usikatwe. Lakini mikoko ina masharti yake, na watetezi wake hawayataji mara nyingi. Huhitaji maji yaliyotulia na tope, kama ilivyo katika ghuba ya Chwaka au katika hori, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, nyingi za Pemba. Tena kila mti una mahali pake: mlilana huvumilia kukaa mbele penye maji mengi, mkoko wenyewe hufuata, mkandaa hupenda nyuma zaidi. Mche wa mkandaa ukichomekwa katika mchanga mweupe unaopigwa na mawimbi hautaishi, hata kama siku ya kupanda palikuwa na viongozi, ngoma na picha. Pia miti hii huchukua miaka kabla ya kuweza kumlinda mtu, na katika miaka hiyo kuna wanaohitaji boriti, kuni za kupikia na za kuchomea chokaa. Asiyewapa watu hao njia nyingine ya kuishi ajue kwamba anapanda kitakachokatwa. Aidha, wakaazi wa mitaa iliyo karibu na mikoko hulalamikia taka zinazonasa mizizini na giza linalowatia hofu wanawake na watoto wakipita usiku. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini usafi wa mikoko unategemea gari la taka kufika uswahilini, na taa ya njiani nayo ni sehemu ya ulinzi wa pwani.

Pemba inatufundisha kwamba wakati mwingine vyote viwili huhitajika pamoja. Huko maji ya chumvi huingia katika mabonde ya mpunga na kuyaharibu, na anayepoteza bonde hupoteza chakula cha nyumba yake. Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, ulijengwa ukuta wa kuyazuia maji hayo. Siwezi kumwambia mkulima wa huko asubiri miche ikue. Ninachoweza kusema ni kwamba mikoko iliyo mbele ya ukuta kama huo ndiyo itakayoupunguzia kipigo cha mawimbi, na kwamba kuikata ni kuubomoa ukuta polepole.

Kwa mjini kuna jambo jingine linalosahauliwa: maji hayaji kutoka baharini tu. Darajani pameitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari ulioutenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, mkono ambao ulifukiwa katika enzi za ukoloni. Ardhi ile bado iko chini, na leo, kwa mujibu wa sensa ya 2022, karibu nusu ya watu 1,889,773 wa Zanzibar, yaani 893,169, wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi. Mvua ya masika ikinyesha wakati bahari imejaa, maji ya mitaro hukosa pa kutokea. Ukuta usio na matundu yaliyopangwa vizuri huyafungia maji ya mvua ndani ya makaazi ya watu, na aliyeomba kinga dhidi ya bahari akajikuta amezama kwa mvua.

Hapo ndipo swali la maamuzi linapokuja. Sheria ya mazingira ya 2015 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake, na wananchi hufikiwa kupitia shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Anaweza kuwa mtu mwema na msikivu, lakini mamlaka yake yana mpaka, ilhali mchanga unavuka mipaka ya shehia kila msimu. Shehia inayopata ukuta huitwa mkutanoni, na ile ya jirani itakayopokea wimbi aghalabu haimo. Najua jibu la wahandisi: kuita kila mtu kunachelewesha, na bahari haisubiri mikutano. Ni kweli kwamba kuna nyumba ambazo haziwezi kuvumilia masika mengine mawili. Kwa nyumba hizo, kinga ya muda ya mawe iliyolazwa kwa mteremko inaweza kuwekwa wakati mashauriano yakiendelea, na mteremko wa mawe huvunja wimbi vizuri kuliko ukuta wima.

Kwa kinga ya kudumu, ningependa masheha wa pande zote mbili za ukuta unaokusudiwa, wavuvi wa diko, wanawake wa mwani na mhandisi washuke ufukoni siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, wabaki hapo hadi yajae. Wachomeke vigingi mahali maji yalipofika, waonyeshe zitakapokaa ngazi za kushukia na midomo ya mitaro, kisha watembee pamoja hadi ncha ya mwisho ya ukuta na waandike kinga gani atapewa mwenye nyumba ya hapo. Jiwe la msingi liwekwe naye akiwa ametia saini.