Kioo Kilitujibu

Jamaa yangu fundi aluminiamu ameshazungusha sauti kwenye magrupu kwamba "ticha wa vioo kalipua darasa". Haya, sikieni sasa kwa mlipuliwa mwenyewe.

Tulikuwa kwenye kukata. Wanafunzi wangu wa vioo vya rangi sheria wanazijua: gurudumu la kikatio liwe na mafuta ya taa, chora mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo, usirudie juu ya mchoro maana utaua gurudumu na kioo kitapasukia kinakotaka chenyewe, kisha vunja hapo hapo. Kioo cha dirisha cha milimita 3 kikichorwa sawasawa hutoa mlio mwembamba usiokatika. "Msikilizeni kioo, atawaambia," ndiyo kauli yangu. (Najua mtanizika nayo.)

Vipande vikaisha. Jamaa, aliyekuja kunisalimia tu, akachomoa kioo kwenye mfuko: milimita 4, safi, kingo zote zimesagwa laini. Nikazipapasa, nikazisifia mbele ya darasa. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa.

Nikachora. Gurudumu likateleza bila kuuma, mlio hakuna. "Hiki kigumu kidogo," nikasema, kwa sauti ya mtaalamu. Nikakigonga kwa chini na kitako cha kikatio: tik, tik. Kimya. Binti wa mbele akasogeza kiti nyuma, nikamwambia asiogope. Nikachukua koleo, nikalikalisha ukingoni, katikati ya mchoro. Nikawaangalia wote. Nikatabasamu. Nikabana.

Ufa sikuuona. Nilikuwa nimeshika kioo na koleo, PAA!, nimeshika koleo. Punje za kioo kwenye kola, kwenye mfuko wa shati, kwenye chai, nyingine zinaendelea kudondoka sakafuni kama mchele. Miwani ya kazi ilikuwa usoni, Alhamdulillahi.

Sauti ikatoka chini ya meza: "Ticha, ndiyo ametuambia hivyo?"

Kile kilikuwa kioo kilichokazwa kwa moto. Huchomwa hadi nyuzi 620 hivi, kisha hupigwa upepo wa ghafla. Uso huganda kwanza. Kiini kinapoa baadaye na kusinyaa, kikiuvuta uso. Uso unabaki umebanwa, kiini kimevutika, na ufa ukifika kiinini kioo kizima kinaachia kwa mpigo. Ndiyo maana hukatwa na kusagwa kingo kabla ya kuingia tanuruni. Zile kingo nilizozisifia. Vioo vya milango ya magari mengi ndivyo vilivyo; cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, kikipasuka kinabaki kimeshikana.

Tukafagia, tukapiga deki, chai ikamwagwa, darasa likafungwa.

Ila kuna kitu jamaa hakusema kwenye ile sauti yake: kioo kilitoka wapi. Shemeji, kama unasoma, ile shelfu ya friji unayoitafuta tangu juzi ninayo. Iko kwenye ndoo.