Kigango si sanamu tu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walihesabu vigango 294, yaani nguzo za kuchongwa za ukumbusho wa wafu, katika makumbusho 19 ya Marekani. Kwa mwanafunzi wa historia ya sanaa hivyo ni mfano mzuri wa uchongaji wa pwani ya Kenya: nguzo ya mti mgumu, kichwa cha mviringo, mwili uliojaa pembetatu. Kwa Mgiriama wa pwani hiyo, kila nguzo ni mzee wa Gohu, chama cha siri cha wazee, aliyefariki, na koma yake, yaani roho yake, i humo. Watu wa nyumbani humwagia tembo la mnazi na kumweleza yanayowasumbua. Nikiisoma tena ile 294, naona wazee 294 waliokuwa na majina, wake na wajukuu, ilhali kadi ya makumbusho mara nyingi imehifadhi kabila na jina la mtu aliyetoa zawadi.

Wanaotetea njia ya zamani, ya kusoma sanaa kwa kulinganisha maumbo bila kuwauliza wenyewe, wana hoja. Simulizi za wazee hupingana, mambo ya Gohu hufichwa kwa kiapo, na baadhi ya vigango viliuzwa na vijana wa familia zenyewe. Nakubali: neno la mzee lihojiwe kama waraka wowote. Lakini kulinganisha maumbo peke yake nako kumepotosha. Mwaka 1910 mtafiti Mjerumani Leo Frobenius aliona vichwa vya sanamu vya Ife, mji wa Wayoruba huko Nigeria, akavihusisha na Atlantis, kisiwa cha hadithi za Wagiriki wa kale, huku Wayoruba waliokuwa na habari zake wakiwa mbele yake. Ni kweli pia kwamba vipimo vya maabara vilisaidia kuonyesha umri wa vichwa hivyo, sitaki vipimo vitupwe.

Ninachotaka ni maswali yenyewe yabadilike. Kigango hakihamishwi. Familia ikihama, huachwa pale mpaka mvua na mchwa vimalize kazi. Somo linaloanza na namna ya kukihifadhi limekwisha kumpinga aliyekisimamisha, kabla hata ya kumuuliza.

Na kutouliza kuna gharama. Vigango 30 vya makumbusho ya Denver, Marekani, viliporudi Kenya mwaka 2019, vilipokelewa na Makumbusho ya Taifa, kwani boma vilikotolewa halikujulikana. Lakini vingine viwili, vilivyoibwa 1985, vilifika kwa wenyewe mwaka 2007, kwani wenyewe walijulikana. Kabla ya wizi, mtafiti aliyekuwa akizungumza na familia hiyo alikuwa amempiga picha mwenye boma, amesimama kando ya vigango vya ndugu zake.