Duka la vitabu la mtaani likifungwa hapa Mwanza, tusiseme ni simu

Kuna ubishi unaendelea hapa mjini kuhusu duka moja la vitabu la miaka mingi, mwenye jengo anataka kodi mpya na inasemekana kuna mfanyabiashara wa simu ameshaahidi kilemba cha maana, sasa watu wamegawanyika, wapo wanaosema mtaa usimame na mzee wa duka na wapo wanaosema biashara ni biashara, kama haliuzi lipishe wengine. Mimi nataka libaki, nasema mapema. Ila sababu nyingi tunazotumia kulitetea naona hazina miguu.

Ya kwanza ni hii ya simu, eti vijana hawasomi, wanarushiana pidiefu tu kwenye magrupu. Pidiefu zinarushwa kweli, na mtunzi hapati hata mia, lakini jamani lini duka la vitabu la mkoani liliishi kwa riwaya? Limeishi kwa vitabu vya shule. Enzi za ujamaa usambazaji ulikuwa kwa shirika la serikali, Tanzania Elimu Supplies, mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa, wachapishaji binafsi wakaanza kutoa vya kiada, shule inachagua chake na mzazi anatumwa dukani na listi. Faida ya hisabati na baiolojia ndo iliyokuwa inaibeba ile rafu ya nyuma ya riwaya na mashairi, ambayo inaweza kukaa miezi haijaguswa. Halafu kuanzia 2013/14 ikarudi kuwa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, anayeandaa ni Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na kwa shule za serikali vinapelekwa hukohuko shuleni. Duka likarukwa, na rafu ya nyuma ikakosa wa kuibeba.

Lakini kwa mzazi wa Igoma au Buhongwa mwenye watoto wanne hiyo ilikuwa nafuu kubwa, tusijifanye hatujui. Vile vitabu vya zamani vingine vilipewa ithibati vikiwa na makosa mpaka kelele zikafika bungeni, mtoto akihama shule unaanza kununua upya, na leo TET wana maktaba mtandao unasoma vya kiada bure. Nani atamwambia mzazi huyo arudi kwenye listi ili duka lipone? Mimi siwezi.

Sasa upande wa pili, na huu ndo unaoniuma. Duka lile linafanya kazi ambazo hazionekani kwenye risiti za EFD. Walimu wa Ukerewe wanaacha oda, boksi linafungwa linapanda meli ya Nansio. Mtoto akitoka shule anasoma kasimama hapo kwenye rafu na hafukuzwi, mwanachuo wa SAUT anakopeshwa mpaka boom la mkopo wa chuo litoke, mama lishe wa jirani anaacha mzigo wake ndani mvua ikinyesha. Kuna wanaosema maktaba ya mkoa ipo inatosha, nami naipenda maktaba ile, ila haiwezi kumfanyia mtunzi wa hapa kinachofanywa na duka, yaani umechapisha nakala zako mia mbili kwa hela yako, unamwachia mzee kwa mali kauli, zikiuzwa anakulipa. Mnamkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, riwaya yake alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikaja kutoka kwa Kiswahili 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Miaka 35. Leo mashine za kuchapa zipo hapahapa mjini, kinachokosekana ni rafu ambayo msomaji asiyekujua atapita na kukuona, na kwenye magrupu wanakuona wanaokujua tu.

Ila na duka nalo liambiwe. Mbele pote ni rimu na kaunta buku, riwaya ziko nyuma zina vumbi, bei haijaandikwa mpaka uulize, na kuagiza kitu Dar unaambiwa njoo wiki ijayo halafu wiki ijayo nyingine. Na sisi tunaopiga kelele tujiulize mara ya mwisho tulinunua nini pale zaidi ya daftari la mtoto.

Wengine wanataja duka la City Lights la San Francisco, la tangu 1953, kwamba lilipoyumba kipindi cha korona 2020 watu walichanga zaidi ya dola laki nne. Sawa, lakini lile jengo ni la kwao wenyewe, walilinunua 1999. Huku mchango wote utaishia kwa mwenye fremu ndani ya mwaka. Mfano unaonivutia zaidi ni duka la vitabu la Seminary Co-op la Chicago, lilianzishwa 1961 na wasomaji wachache waliotoa dola kumi kila mmoja, likaendeshwa kama ushirika. Na ushirika kwetu si kitu kigeni, wakulima wa pamba wa kanda hii walijenga chama kikubwa kabla ya uhuru wakiwa na Paul Bomani. Wazee watakujibu kwamba baadaye Nyanza, chama kilichotokana na kile, ililemewa na madeni mpaka mali zikauzwa, na hofu hiyo ni halali kabisa, ndo maana duka letu likigeuzwa ushirika, hisa zake lazima ziwe na vitabu vya hesabu ambavyo mwanachama yeyote anafungua na kusoma.

Lakini hisa hazina maana kama fremu inaweza kuchukuliwa baada ya miezi sita. Kwa hiyo wanaoenda kumwona mwenye jengo wasiende kuomba huruma ya kodi. Alipwe kodi ya soko, hata kama rimu ndo zitailipa, yeye atoe mkataba wa miaka mitano ulioandikwa, na mzee akikubali kuhamishia riwaya mbele, mimi hela yangu ya hisa iko tayari.