Sikuchoma Kitanda cha Ndoa

Kwanza kabisa: kitanda nilichochoma si cha ndoa. Ile sauti inayozunguka kwenye grupu la msikiti, "ndugu yenu kachoma kitanda cha mkewe apate sukari," imetiwa chumvi na mtu aliyekuwepo pale, kaegemea gari lake, anakula tende zangu. Hakubeba hata ukuni mmoja. Sasa nasimulia mimi, moshi wenyewe bado haujatoka kwenye koti.

Walioko Vermont, hili jimbo la Marekani ninakoishi, wanaujua mwezi wa Machi. Usiku kunaganda, mchana jua linachungulia, basi miti ya mepo inaanza kudondosha utomvu. Unatoboa shina, unapachika kibomba, unatundika ndoo. Kinachotoka ni maji, wallahi maji matupu, ukionja utadhani mtu kasuuzia humo kikombe cha chai. Sukari yake ni kama asilimia 2 tu, ndiyo maana galoni 40 za utomvu zinakupa galoni 1 ya shira. Zile 39 unazipeleka mbinguni kwa moto.

Na Ramadhani nayo ikaangukia humo humo. Nikaropoka msikitini kwamba kaimati za futari ya Ijumaa zitakuja na shira ya miti ya uani kwangu. Watu wakaitikia inshallah kwa sauti moja. Ukishaitikiwa hivyo hurudi nyuma.

Hesabu ya kuni niliifanya, msinidharau. Jirani yangu, mzee wa hapahapa ambaye kazi hii aliikuta kwa babu yake, aliniambia kwenye banda lake rundo zima la kuni, lile la futi 4 kwa 4 kwa 8, humpa kama galoni 25 za shira. Nikachukua kalamu. Futi za ujazo 128, gawa kwa 25, unapata tano na ushee. Yaani galoni moja ni toroli moja lililojazwa vizuri! Nikazidisha mara mbili kwa usalama, nikajiona injinia. Mke wangu akauliza, "Una uhakika?" Nikamjibu kwamba mimi nimepika pilau za harusi Tanga, masufuria matatu mazima, watu wanakula na kubakiza. Kuni nazijua kwa kuzitazama.

(Msicheke. Bado.)

Shida ni kwamba pilau unafunika. Unataka mvuke ubaki ndani, hata mkaa unaupandisha juu ya mfuniko. Hii shughuli ni kinyume chake, mvuke wote uende zake. Na kuyatoa maji kwenye ubaridi wa barafu hadi yatokote ni kazi ndogo. Kuyageuza yote yawe mvuke kunataka moto zaidi ya mara tano ya huo. Mara tano! Kwa mzee mambo yanakwenda kwa sababu tanuri lake ni la chuma, lina mlango, lina bomba la moshi, na sinia lake lina mikunjo chini ili moto ulambe kila mahali. Langu mimi lilikuwa bloku nilizozipanga juu ya theluji, na masinia matatu ya bufee. Nusu ya moto wangu ilikuwa inaipasha joto Vermont. Na kuni zenyewe, nilizouziwa na bwana mmoja kando ya barabara, zilikuwa mbichi. Ukizitia zinatoa povu kwenye ncha, zinalia shiiii, zinajichemsha zenyewe kwanza ndipo zikufikirie wewe.

Nilianza baada ya alfajiri. Adhuhuri haijaadhiniwa, toroli la kwanza halipo. Kila nikimimina utomvu wa baridi, mtokoto unakufa, naanza kupuliza upya, nimefunga, midomo imekauka, na harufu ya sukari inanipiga usoni. Alasiri likaondoka toroli la pili. Yakafuata matawi ya uani. Zikafuata mbao za paleti, lile jukwaa lililokuja chini ya friji. Magharibi ilinikuta nimesimama, tende mkono mmoja, koleo mkono wa pili.

Sinia lilibaki moja tu, kahawia, linapendeza, limekaribia. Limekaribia kweli. Na sina hata kijiti. Mke wangu kachungulia dirishani: "Jiko la gesi lipo humu." Nikajifanya sijasikia. Nilishaambiwa ukiuchemsha ndani kuta zinanata.

Ndipo nilipoikumbuka gereji.

Gereji kulikuwa na kitanda. Cha mtumba, cha msonobari, tumekinunua kwa ajili ya mama mkwe anayekuja Juni. Kimefunguliwa, kimeegemezwa ukutani, chaga zimefungwa kamba. Nikajisemea, chaga mbili tu. Kwani mtu analalia chaga zote? Msonobari uliokaukia ndani ya nyumba miaka yote, jamani! Moto ukaruka hadi kiunoni. Nikaongeza. Chaga zikaisha. Nikafuata mbao za ubavuni. Mwishowe, sijui ni shetani gani aliyesahauliwa kufungwa mwezi ule, nikauburuta ubao wa kichwani, ule wenye maua ya kuchonga.

Hapa sasa twende taratibu.

Ni saa mbili usiku. Tanga ni saa tisa, watu wanapasha daku. Ubao nusu umo motoni, nusu umo mikononi mwangu, na ua moja la kuchonga linanitazama. Rafiki yangu kaja kunipitia twende tarawehe. Mlango wa nyuma unafunguka. Mke wangu anatoka, simu kaitanguliza mbele, kamera imenielekea, na kwa sauti tamu anasema, "Mama, mwone mkweo anavyopika shira."

Kwenye kioo nauona uso wa mama mkwe, mtandio, kijiko cha uji mkononi. Anatabasamu. Kisha tabasamu linasimama. Anaisogeza simu karibu na macho. Anaipeleka mbali kidogo. Anairudisha karibu.

Nikatoa kitu pekee kilichokuwa kichwani: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho si kitanda changu?"

Kimya. Ua likapasuka motoni, pa! Mke wangu akageuka taratibu kuangalia nilichoshika.

"Ni upande wa kichwani tu, mama."

Na shira nayo ikachagua dakika hiyohiyo. Ikikaribia kuiva, maji yamebaki machache, joto linapita la maji yanayotokota, linagonga kama nyuzi 104, na hapo ukiipa moto wa msonobari haina subira. Povu la dhahabu likapanda hadi ukingoni, likasita kidogo, likamwagika pande zote mbili. Mikono yangu yote ina ubao. Nikiuachia, unaangukia sinia. Basi nikaanza kupuliza. Mtu mzima, ambaye imamu akikosekana huombwa nisalishe, napuliza povu la sinia la bufee kwa mdomo.

"Tia mafuta!" mama mkwe anapiga kelele kutoka Tanga. "Mafuta, baba! Tone tu!"

Rafiki yangu kapiga magoti kwenye theluji, na si kwa ibada. Mke wangu kakimbilia ndani, karudi na siagi, hakukata kipande, kaitupa nzima na karatasi yake. Povu likashuka palepale. Tone lingetosha kweli, hata wazee wa huku hufanya hivyo.

Mengine mafupi. Iliyookoka haikujaza chupa mbili za jemu: nyeusi, ina moshi, ina siagi. Ijumaa kaimati ziliisha, nani alikula ngapi simtaji. Mzee jirani alikuja asubuhi, akayatazama majivu na skrubu za kitanda, akaniuliza kwa upole kwa nini sikuliacha sinia lilale nje na baridi yote hii, nikamalizia kesho yake jikoni. Kumbe wengi wanaochemshia uani hatua ya mwisho huimalizia kwenye jiko la gesi. Mke wangu alikuwa kasimama papo hapo. Hakusema neno, akaenda kuliwasha na kulizima. Kulionyesha tu kwamba linafanya kazi.

Kitanda kipya kimekula hela ya galoni kadhaa za shira ya dukani. Mama mkwe amekichagua mwenyewe kwa video, na sharti alilitoa kabla hata sijamaliza shikamoo: kiwe cha chuma.