Anayeingia kwenye povu kukutoa naye aandikwe jina

Kila msimu wa mawimbi makubwa ukifika kule Ureno, klipu za watu wanaoteleza kwa ubao juu ya mawimbi ya Nazaré zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Moshi, na maoni ni yaleyale, "huyu kachoka kuishi", "hela zimewazidi hawa". Mi siafiki kabisa. Mchezo huu naufuatilia na ninachokiona pale ni ufundi wa hali ya juu, ila kinachoniuma ni kwamba tunamsifia mtu mmoja, yule anayeteleza, wakati kazi ni ya wawili, yeye na dereva anayemvuta.

Pale Nazaré kuna korongo chini ya bahari, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kuna sehemu kina kinafika kama mita 5,000, linakuja kuishia karibu kabisa na ufukwe wa Praia do Norte. Mawimbi ya Atlantiki yakipita juu ya korongo hayapungui mwendo, yale ya pembeni kwenye kina kifupi yanapungua, sasa yakikutana yanapandana. Ndo maana Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwenye wimbi la futi 86, yaani mita 26 na kitu! Wimbi kama hilo lina kasi mno, kulidaka kwa kupiga makasia ya mikono ni shida, kwa hiyo unavutwa kwa kamba na jetiski, ile pikipiki ya majini, mpaka mwendo wako ulingane nalo halafu unaachia.

Dereva wa jetiski ndo anayechagua wimbi na akuachie wapi, akikosea kidogo tu umekwisha. Na ukianguka ni yeye tena. Vesti ya kujiokoa uliyovaa unaivuta inajaa gesi inakupandisha juu, sawa, lakini huko juu ni povu tupu lililojaa hewa, jetiski ikiingia humo inakosa nguvu, na wimbi linalofuata liko nyuma kwa sekunde 15 mpaka 20 hivi. Ndani ya hizo sekunde akutafute, akuone, udake kile kitanda cha uokoaji kilichofungwa nyuma ya jetiski, muondoke.

Oktoba 2013 Mbrazili Maya Gabeira alianguka hapohapo, akavunjika mguu, akapoteza fahamu majini, mwenzake Carlos Burle ndo akamfuata na kumtoa, wakamkandamiza kifua pale mchangani mpaka akarudi. Yule dada alirudi baharini na Februari 2020 akaweka rekodi ya wanawake, futi 73.5, kwenye mashindano ambayo timu ni ya watu wawili wanaobadilishana kuvuta na kuteleza. Siku hiyohiyo Hugo Vau alikwenda na jetiski kumchukua mwenzake Alex Botelho, mawimbi mawili yakagongana chini yao, wakarushwa hewani pamoja na jetiski, Botelho akatolewa hana fahamu. Alipona. Yaani anayeokoa naye yuko kwenye hatari ileile, na bado kuna siku msaada hautoshi, Januari 2023 mteleza mawimbi Marcio Freire alifia Nazaré, na alikuwa mzoefu wa miaka mingi sio mtoto wa juzi.

Sisi watu wa mlimani hili tunatakiwa kulielewa haraka kuliko wengine. Mgeni anapiga picha Uhuru Peak, mita 5,895, anaposti, pongezi zinamiminika, ila guide aliyemwangalia usiku kucha kama mlima unamshinda, na wapagazi, wale wagumu waliobeba mahema, hawaonekani popote, na guide mwenye akili ndo yule anayethubutu kumwambia mgeni aliyelipa hela nyingi, tunashuka sasa hivi.

Sijasema anayeteleza hana kazi, hapana, miguu ile na ile pumzi ya kukaa chini ya maji ni mazoezi ya miaka. Januari 2023 kule Waimea, Hawaii, kwenye yale mashindano ya kumuenzi Eddie Aikau, ambaye mwenyewe alikuwa mwokoaji wa ufukweni, aliyeshinda ni Luke Shepardson, mwokoaji aliyekuwa zamu siku hiyo! Nilifurahi sana.

Ila Novemba 2011 Mmarekani Garrett McNamara alivunja rekodi ya dunia hapohapo Nazaré kwa futi 78 na jina lake likaenea kila kona. Aliyemvuta ni Andrew Cotton, fundi bomba kutoka Uingereza. Waulize hao wanaoposti klipu kama wanamjua. Rekodi inaandikwa futi na jina moja, mi nataka yaandikwe mawili.